Kuuza Sweta kwa Watu Usiowaona

Nafuma sweta, kofia na seti za watoto wachanga hapa Njombe, na karibu zote nauzia kwenye simu. Wateja wangu wengi sijawahi kuonana nao uso kwa uso. Wako Dar es Salaam, Tanga, Mtwara, wengine Zanzibar, na nitaeleza huko mbele mtu wa Zanzibar anatafuta nini kwa mfuma sweta. Nikikutana na wenzangu wanaoanza, wawe wanafuma kama mimi, wanashona mikoba ya vitenge au wanasuka vikapu vya nyasi za milulu, swali lao ni moja: unaendeleaje bila kukata tamaa? Habari za uzi hawaniulizi. Wameposti wiki nzima, watu kibao wametazama, aliyeuliza bei ni mmoja, na huyo mmoja alipotajiwa bei akajibu "sawa nitakucheki", akayeyuka.

Nawajibu wanunue daftari. Najua jibu hilo linawaudhi, maana walikuja kutafuta maneno ya kutia moyo.

Maneno ya kutia moyo yapo tele, na sina ugomvi na wanaoyauza kwenye semina. Ila asubuhi ya mwezi wa saba hapa kwetu, ukungu umekaa mpaka mlangoni na vidole vimekufa ganzi, kujiambia "mimi ni mshindi" hakukufanyi ushike sindano. Unaishika kwa sababu ile sweta ya bluu lazima iwe stendi keshokutwa alfajiri. Au unaishika kwa sababu uliandika mwaka jana, na maandishi yanakuambia kwamba wiki chache zijazo watu wataanza kuitafuta. Kujiamini ninakokujua mimi kunakaa kwenye hesabu. Ukijua kazi yako imekula nini, imechukua muda gani, nani anaitaka na anaitaka lini, woga unapungua wenyewe. Usipojua, hata ukisifiwa na watu elfu utayumba siku mtu mmoja akiandika "ghali".

Tuanze na bei, maana ndipo wengi wanapokwama.

Tuchukue sweta ya mtoto wa darasa la kwanza, mikono mirefu, vifungo mbele. Tuseme uzi umekula shilingi 9,000, vifungo 1,000, lebo na mfuko wa kufungia 700. Jumla 10,700, na hapo bando la intaneti bado hujaligusa. Tuseme kuifuma kwa mkono, kuunga vipande, kushona vifungo, kuifua na kuianika kunachukua saa 20. Mteja anasema "dada punguza, nipe kwa 18,000". Ukikubali unabaki na 7,300, gawanya kwa saa 20, umejilipa shilingi 365 kwa saa. Ukishikilia 30,000 unabaki na 19,300, yaani shilingi 965 kwa saa. Umeona? Hata kwa ile bei inayokutia aibu kuitaja, saa yako moja haijafika elfu moja.

Mtu aliyewahi kufanya hesabu hii kwa kalamu yake, kwa sweta yake, hujibu tofauti na ambaye hajaifanya. Ambaye hajaifanya utamjua kwa urefu wa ujumbe. Akiulizwa "mwisho ngapi?" anaandika aya nzima: samahani dada yangu, unajua uzi umepanda sana, na nauli ya kuufuata nayo, naomba tu unielewe, lakini kama huwezi tunaweza kuongea. Mteja hajasoma hata nusu, ameona tu kwamba mlango uko wazi, anasukuma. Aliyefanya hesabu anaandika: "Ni 30,000. Inafumwa kwa mkono, inakuwa tayari baada ya siku tano, naituma kwa basi." Kisha anaweka simu chini na kurudi kwenye sindano. Heshima ipo, salamu ipo, kuomba msamaha hakupo, kwa sababu hakuna kosa.

Hapo lazima litokee lile la mnadani. "Mbona sweta mnadani ni elfu tatu?" Ni kweli. Mitumba ipo, mingine mizuri kuliko ninayofuma mimi, na siku za baridi kali mimi mwenyewe huvaa koti la mtumba juu ya sweta niliyofuma. Sioni faida ya kuiponda mitumba mbele ya mteja. Unamfanya ajione mjinga kwa alichonunua jana. Namwambia kama anataka kitu cha kumkinga mtoto baridi leo jioni, mnadani ni pazuri, aende mapema kabla wengine hawajachagua. Mtumba hauwezi kukupa rangi kamili iliyoandikwa kwenye fomu ya shule, wala mikono inayomfika mtoto mrefu mwembamba, wala seti ya pacha wawili inayofanana. Hayo ndiyo ninayouza. Wengine huenda mnadani kweli, na hawarudi. Wengine hurudi baada ya kuzunguka siku nzima wakitafuta rangi ya damu ya mzee ya saizi ya mtoto wao.

Uzi nao una lake. Uzi mwingi tunaoupata madukani huku ni akriliki, unaotokana na mafuta ya petroli. Sufu ya kondoo si rahisi kuipata, na ukiipata bei yake haikamatiki. Wapo wauzaji wanaoandika "sufu halisi" chini ya picha ya akriliki kwa sababu inasikika vizuri. Mimi naandika akriliki, na nimeona kwamba ukweli huo unanipa nguvu kuliko sifa ya kuazima. Akriliki haisinyai ovyo, mtoto wa bweni anaweza kuifua mwenyewe kwenye ndoo bila kuiharibu, wakati sufu ukiitia maji ya moto na kuisugua inajikunja na kuwa ngumu. Ubaya wake, akriliki haipendi pasi ya moto, inalegea na hairudi. Nayaandika yote mawili. Mteja akikuuliza swali gumu na wewe tayari umelijibu kwenye maelezo ya picha, mazungumzo yanakuwa mepesi sana.

(Kwa wanaofuma: angalieni namba ya loti kwenye karatasi ya donge la uzi. Madonge mawili ya jina moja la rangi, yaliyotiwa rangi siku tofauti kiwandani, yakikutana kwenye sweta moja utaona mstari kifuani. Nunueni ya kutosha kwa mara moja.)

Sasa ile simu kunyamaza. Hili ndilo linaloua biashara nyingi za mikono kabla ya mwaka kwisha, na nadhani linaua kwa sababu tunaukosea maana ukimya. Muuzaji anaona siku kumi bila oda, anaamua kwamba kazi yake mbaya. Anabadilisha jina la ukurasa. Anaacha sweta, anaanza kuuza mafuta ya nywele. Mwezi unaofuata watu wanaulizia sweta, hayupo.

Kazi yangu ina majira, kama viazi. Njombe mjini tuko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na kati ya mwezi wa sita na wa nane kuna usiku ambao jalidi inaunguza mashamba, hasa ukielekea Makete. Ungedhani basi wateja wangu ni watu wa hapa. Kumbe watu wa hapa wana shangazi zao wanaofuma, na wana mnada. Wateja wangu wakubwa ni wazazi wa joto ambao watoto wao wanakuja kwenye baridi.

Fikiria. Orodha ya TAMISEMI ya waliochaguliwa kwenda kidato cha tano kwa kawaida hutoka kati ya mwezi wa tano na wa sita, na watoto wanaripoti shuleni kuelekea mwezi wa saba. Ndani ya orodha hiyo kuna mtoto wa Lindi au wa Temeke, ambaye baridi anayoijua ni ya feni, amepangiwa shule ya Njombe, Iringa, Mbeya au Makete, mwezi ule ule ambao maji ya bomba yanauma meno. Mzazi anaipata fomu ya kujiunga, anasoma: sweta, rangi fulani, shingo ya V. Anaulizia Kariakoo, anapata nyepesi. Ndugu mmoja anamwambia kuna dada yuko huko huko Njombe, anafuma. Huyo mzazi habishani bei sana. Swali lake ni moja: "Itawahi?"

Nilipoligundua hilo kwenye daftari, maana lilikuwa limeandikwa pale miaka miwili mfululizo bila mimi kulisoma kwa umakini, mwezi wa kumi na wa kumi na moja uliacha kunitisha. Miezi ile huku kunapata joto, mvua zinanusa, watu wanawaza mbegu na mbolea. Simu hulala. Sasa mimi miezi hiyo nafuma sweta za rangi ambazo shule nyingi hutumia, bluu iliyokolea, kijani, damu ya mzee, nyeusi, kwa saizi za kati, naziweka. Januari kidato cha kwanza wanaingia, lakini Januari kila mtu anajua mifuko ilivyo, kwa hiyo matumaini makubwa nayaweka katikati ya mwaka. Kati ya hapo ndipo zinaponibeba seti za watoto wachanga. Mtoto mchanga hana majira. Hata Zanzibar, jua likiwaka la kupasua nazi, mtoto akizaliwa leo atavishwa kofia na soksi za kufuma na kuzungushiwa shali, na bibi yake atasimamia hilo mwenyewe. Basi huyo ndiye mteja wangu wa Zanzibar.

Kila kazi ina majira yake, na ya kwako hayafanani na yangu. Anayetengeneza shanga na hereni ataona Desemba na misimu ya harusi. Anayeuza vikapu kwa watalii atategemea miezi ya kiangazi, watu wanapopita Iringa kwenda Hifadhi ya Ruaha. Mwaka wa kwanza huwezi kuyaona, unayavumilia tu. Mwaka wa pili, kama uliandika tarehe, aliyenunua, anakotoka na sababu ya kununua, yanaanza kujichora.

Habari ya wafuasi nitaipita haraka kwa sababu imesemwa sana. Kuna kurasa zina wafuasi makumi elfu na mwenye ukurasa anadaiwa kodi ya fremu. Wafuasi hununuliwa, laiki hununuliwa. Na yule anayeposti rundo la parseli zikisubiri basi, hatakuonyesha siku ambayo amekaa mikono mitupu. Binafsi naposti, kisha nafunga programu nafuma, naifungua tena saa saba mchana na usiku. Tiki mbili za bluu zisizo na jibu hazinihusu. Mtu aliyesoma bei asijibu huenda hana hela, huenda yuko kwenye daladala, huenda ameamua kwenda mnadani. Sijui, na sihitaji kujua ili nimalize mkono wa kushoto.

Kitu kimoja kuhusu picha ningependa nikiseme, kwa sababu kinagusa hilo hilo la kujiamini. Picha mbaya inakufanya uionee aibu kazi nzuri. Huku kwetu kwenye ukungu, picha ya saa moja asubuhi inatoka ya kijivu, sweta nyekundu inaonekana kama imefuliwa mara hamsini. Nasubiri mpaka saa nne, ukungu ukishapanda, natandika shuka jeupe karibu na dirisha, taa ya umeme nazima. Napiga ya sweta nzima, ya ukingo wa shingo kwa karibu, na ya upande wa ndani. Upande wa ndani ndio unaomwambia mtu kama fundi alikuwa na haraka. Nikiwa na picha hiyo, mtu akinitilia shaka namtumia, maelezo mengi hayahitajiki.

Mteja wa mbali naye ana woga wake, na ni haki yake. Matapeli wapo, kila mtu ana ndugu aliyewahi kutuma hela kwa muuza simu hewa. Kabla ya M-Pesa kuingia nchini mwaka 2008, mtu wa Tanga angemtumiaje mfumaji wa Njombe pesa ya sweta moja? Angempa kondakta bahasha, aombe Mungu. Leo pesa inafika kabla hujamaliza kumsalimia, lakini imani haisafiri kwa kasi hiyo. Kwa hiyo naanza mimi kumwondolea woga. Malipo ni nusu kabla sijaanza, nusu sweta ikiwa tayari na akiwa ameona picha zake. Siku ya kutuma nampigia picha risiti ya mzigo, jina la basi na namba ya simu iliyoandikwa kwenye risiti, namwambia basi limetoka saa ngapi. Basi litapita Makambako, Mafinga, Iringa, litashuka Kitonga, litapita Mikumi, litaingia Dar usiku. Kama anakaa Mbagala, namkumbusha mapema kwamba mzigo utashukia stendi ya Magufuli kule Mbezi, apange na bodaboda au aniambie kama kuna ndugu wa karibu na pale. Malalamiko mengi yanayowakatisha watu tamaa ni ya safari, si ya sweta. Ukimweleza mtu safari kabla ya safari, hatakuwa na hasira nayo.

Na saizi. Usiulize umri. Watoto wa miaka saba hawalingani. Uliza upana wa kifua kwa sentimita, urefu wa mkono kutoka begani, na kama hana tepu mwambie alaze sweta ya mtoto inayomkaa vizuri mezani aipime hiyo kwa rula ya shule.

Nyumbani kuna mtihani wa aina nyingine. Baba mdogo akija kutembea, anakukuta na simu mkononi saa tano asubuhi, anauliza kwa upole ulioficha mengi: "Mwanangu, kazi bado hujapata?" Humjibu kwa kumwonyesha ukurasa, maana hauoni kama kazi. Mimi nilimwonyesha daftari. Aliliangalia kurasa kadhaa, yeye ni mtu wa mbao, hesabu za mzigo na nauli anazijua vizuri kuliko mimi. Akauliza swali moja tu, kwa nini sijaandika gharama ya umeme. Tangu siku hiyo akiulizwa habari zangu anasema "anafuma, anatuma mikoani". Ndugu wanaotaka nifume bure au kwa mali kauli bado wapo, na kwao nina jibu la upole: uzi ulete wewe, mkono nitakupa punguzo. Wengi hawaleti uzi.

Nikitaka kujikumbusha kwamba kazi ya mkono huweza kutembea mbali na ikajulikana, sihitaji kutafuta mifano ya nje. Wanawake wa Kikisi wa ufukweni mwa Ziwa Nyasa, upande wa Ikombe, wamekuwa wakifinyanga vyungu kwa vizazi, vinapakiwa kwenye mitumbwi mpaka Matema, na huko wanunuzi wanavisambaza Kyela, Tukuyu na Mbeya. Mnunuzi anakigonga chungu kwa kifundo cha kidole, anasikiliza mlio, analipa. Kimeaminika kwa sababu cha mwaka huu kimetoka sawa na cha mwaka jana. Vikapu vya milulu vya akina mama wa Kihehe navyo ni hivyo hivyo. Mtu akikiona kikapu hicho Dar anakiita "kikapu cha Iringa" bila kuambiwa, jina la mkoa limeshikamana na mkono uliokisuka. Na pale Iringa mjini kuna Neema Crafts, iliyoanza mwaka 2003 na vijana wachache viziwi waliotengeneza karatasi kutokana na kinyesi cha tembo, ikakua ikawa karakana ya watu wenye ulemavu wa aina mbalimbali, wanaosuka, wanaoshona na wanaotengeneza mapambo. Ninachowapendea ni kwamba mgeni anaruhusiwa kuiona kazi ikifanyika kabla ya kununua. Akishaona mikono ikipitisha uzi kwenye kitanda cha kufumia, swali la "mbona ghali" linapungua makali. Hapo ndipo nilipochukua wazo la kuposti video fupi za kazi ikiwa nusu. Sweta isiyo na mkono mmoja imewahi kuniletea oda nyingi kuliko sweta iliyokamilika, na hilo bado linanichekesha.

Tahadhari moja, kwa sababu nimeona imewaponza watu wazuri. Mwezi mkavu ukija, kuna mtu atakuja na mikopo ya kausha damu. Atakuambia nunua uzi mwingi ujiandae. Riba yake haisubiri majira yako. Ukishakopa kwa namna hiyo, kila mteja anayesita unamwona kama anakunyang'anya chakula, unaanza kumbembeleza, unaanza kukubali 18,000. Bei inakuwa ya mkopeshaji, wewe unabaki kufuma. Afadhali kikoba cha watu kumi mnaojuana, mnaokutana kila wiki na kuweka hisa, ambao ukikopa wanakuuliza ni za nini na wana haki ya kuuliza. Mimi uzi wa msimu nanunua kwa fedha ya kikoba na ya seti za watoto, na kama haitoshi nafuma kidogo.

Kuna jambo jingine ambalo daftari halifanyi: halikujibu. Ndiyo maana ninaye mwenzangu mmoja wa Mwanjelwa, Mbeya, anashona mikoba ya vitenge. Hatuuzi kitu kimoja, kwa hiyo hatuoneani wivu. Jumapili jioni tunatumiana ujumbe wa sauti: wiki hii nimeuza nini, nimekataa bei gani, nimechoka wapi. Akiwa amechoka simwambii "usikate tamaa dada". Namuuliza mikoba mingapi iko nusu. Akisema mitatu, namwambia amalize mmoja kabla ya Jumatano anitumie picha ya zipu. Yeye hunifanyia hivyo hivyo. Kuna wiki nimefuma kwa sababu tu nilijua Jumapili itafika na yule mwanamke ataniuliza habari ya kola.

Wateja wanaolalamika sitawazungumzia sana. Ukilalamikiwa kuhusu sweta, ongea kuhusu sweta: tuma picha, pima, rekebisha kama kuna cha kurekebisha. Ukitukanwa wewe, hakuna sweta ya kurekebisha hapo, funga mazungumzo. Shida inatokea mtu anapoyachanganya mawili hayo, akarekebisha sweta isiyo na kasoro ili asitukanwe.

Lililobaki ni kupandisha bei, ambalo hata wenye uzoefu huliogopa, na mwaka huu limenifikia. Uzi umepanda, nauli ya mzigo imepanda, na hesabu za shilingi kwa saa zilikuwa zinashuka ukurasa hadi ukurasa. Wateja wapya hawana shida, wanaikuta bei ilivyo. Wazee wa biashara ndio wanaotia hofu, wale walionunua tangu mtoto wa kwanza. Niliwaandikia mmoja mmoja, bila ujumbe wa jumla wa kusambaza kwenye kundi. "Habari za siku mama. Sweta za shule kuanzia mwezi huu ni 35,000 badala ya 30,000. Uzi umepanda na mimi sitaki kutumia mwepesi. Oda uliyokwisha lipia nusu inabaki kwa bei ya zamani." Nikatuma, nikarudi kwenye sindano kama kawaida, ingawa sitawadanganya, siku hiyo programu niliifungua kabla ya saa saba.

Wawili hawajajibu mpaka leo. Mmoja alisema atasubiri mpaka mwisho wa mwezi. Yule wa Tanga, mwenye watoto watatu waliopita wote kwenye bweni moja la huku, alituma ujumbe wa sauti, nyuma yake jogoo anawika: "Sawa mwanangu, nimeelewa. Ila huyu wa mwisho anarefuka vibaya, mkono ongeza sentimita tano. Na usiniletee ile bluu ya mwaka juzi."

Mkono nimeshaongeza. Bluu naitafuta, loti moja.